Nyundo ya Baba na Vinu vya Kijiji

Ngo.

Haukuwa mlio wa kengele, kwa sababu kengele huacha mkia wa sauti nyuma yake. Huu haukuwa na mkia. Ilikuwa nyundo kubwa ikitua juu ya sahani ya chuma iliyolazwa chini, ngo, na ardhi kuumeza mlio papo hapo. Kisha kikaja kimya cha kulazimishwa, cha watu wazima na watoto na mbuzi kuambiwa wasitingishike. Halafu tena. Ngo.

Mwezi uliopita fundi wa mageti alihamia karibu na kibanda ninachoshonea hapa Kibwezi. Siku ya kwanza tu akaanza kunyoosha chuma kwa nyundo. Mimi nilikuwa nashona sare ya shule. Alipopiga mara ya kwanza mguu wangu uliacha pedali wenyewe, mkono ukaganda kwenye kitambaa, nikabana pumzi. Mteja aliyekuja kuchukua rinda lake akaniuliza kama nimechomwa na sindano. Nikacheka, nikamwambia ni mazoea tu. Hakuuliza mazoea ya nini, na ni vizuri hakuuliza, maana ningemweka pale mpaka saa sita. Ninawaandikia nyinyi wa rika langu, mliokulia upande ule wetu wa kupita soko la Zombe. Huenda mnaukumbuka utepe mwekundu.

Utepe ulikuja kabla ya watu. Asubuhi moja tukienda shule tuliikuta miti ya miiba imefungwa utepe, mmoja hapa, mwingine hatua hamsini mbele, mstari umenyooka kupita mashamba ya watu bila kujali boma wala njia. Mimi niliona ni mapambo. Nilidhani kuna harusi inakuja, harusi kubwa ya kupita katikati ya kijiji kizima, na siku nzima darasani nilijiuliza bibi harusi ni nani. Watu wazima waliona mpaka. Kwetu mpaka ni makonge, na kila mstari wa makonge una mzee aliyeupanda. Utepe huu haukuwa na mzee.

Wiki hiyo hiyo chifu aliita baraza kwenye uwanja wa kanisa. Alikuja na mwanamume mrefu mwenye kofia pana na buti zenye vumbi la mahali pengine, ambaye sisi tulimwita Injinia. Injinia alieleza kwamba wanatafiti miamba iliyo chini, wajue kama kuna makaa ya mawe, na kama yapo, yako kina gani. Hawachimbi. Hawahamishi mtu. Wanasikiliza tu. Mzee mmoja akamuuliza, na mkiyapata? Injinia akasema hilo si swali lake, litajibiwa na wengine. Naamini alisema ukweli, maskini, lakini hiyo ndiyo sentensi iliyoharibu kila kitu. Watu hawakutoka pale kabla ya kukubaliana, na kuliombea jambo lenyewe, kwamba hakuna mtu wa kijiji atakayewafanyia kazi wale wapimaji, hata ya kubeba chupa ya maji. Baba alikuwepo. Baba alisema amina kama wengine.

Jumatatu Baba akaenda kushika nyundo.

Nimejiuliza sana kwa nini. Shida ilikuwepo nyumbani, ndiyo, lakini ilikuwepo kila nyumba. Baba alikuwa mtu wa kuvunja kokoto. Tangu ujana wake alikaa juani akivunja mawe ya kujengea nyumba za watu, na miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza neno lolote kuhusu mawe. Injinia alimuuliza. Alimkuta kando ya barabara na rundo lake, akamuuliza jiwe hili jeusi unalitoa upande gani, na lile linalometameta je. Baba akampeleka, akamwonyesha. Alirudi nyumbani akiongea peke yake kama mtu aliyeokoka jana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walitandaza waya mrefu mweusi juu ya ardhi, na kwenye waya huo, kila baada ya hatua chache, kulikuwa na kitu chekundu cha ukubwa wa kikombe, chenye msumari chini. Msumari walikuwa wanauchomeka udongoni. Baba aliviita masikio. Mwisho wa waya kulikuwa na kompyuta chini ya mwavuli, na Injinia nyuma yake. Baba aliweka sahani yake ya chuma, akainua nyundo, Injinia akainua mkono, na hapo kila kiumbe kilitakiwa kusimama, kwa sababu masikio yale yalisikia chochote kilichogusa ardhi: hatua ya mtu, kwato za mbuzi, hata mti ukitikiswa na upepo. Baba alipiga mara tano mahali pamoja, ili mapigo yajumlishwe na kelele nyingine zipotee. Kisha walisogea mbele, wakaanza upya.

Jioni Baba alinieleza akiwa ameweka kiganja juu ya meza. "Mwamba mgumu hujibu haraka," aliniambia. "Udongo hujibu polepole. Ukihesabu jibu limechelewa kiasi gani, unajua chini kuna nini, na hujagusa hata na jembe." Aliiona kompyuta mara moja tu, akasema mawe yamelala chini yetu kama chapati kwenye sahani, moja juu ya nyingine, na moja imekunjika. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Niliamua siku hiyo kwamba nikiwa mkubwa nitakuwa ndiye anayeinua mkono. Sikufika huko, niliishia kidato cha pili, lakini sijaacha kuota hivyo, na sioni aibu kusema.

Shida ni kwamba Injinia hakujua Kikamba, na watu wetu hawakutaka kujua lugha ya mkono wake. Kwa hiyo ni Baba aliyepaswa kuwasimamisha. Njia ya kutoka mtoni ilikatwa na ule waya. Siku moja nilikuwa nimempelekea Baba chakula cha mchana, na Mama Ndanu akawa anapanda mlima kutoka mtoni, mtungi wa lita ishirini mgongoni, kamba imebana paji la uso, mwili umeinama kabisa. Mama Ndanu alikuwa jirani yetu na ndiye aliyeongoza mwethya, ile kazi ya pamoja ya akina mama. Alikuwa mkubwa kuliko Mama, na hata chifu alimwamkia kwanza.

Injinia akainua mkono. Baba akaita kwa lugha yetu, simama hapo hapo, mwaitu, yaani mama yetu. Mama Ndanu akasimama, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Ngo. Ngo. Pigo la tatu upepo ukaja, Injinia akatikisa kichwa, wakafuta yote na kuanza upya. Jasho lilidondoka kutoka kwenye pua ya Mama Ndanu, nikaliona linavyotoboa vumbi. Mimi nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, nimefurahi sana, nikihesabu nione nani ataanguka kwanza kati yangu na yeye.

Walipomaliza hakuendelea na safari. Alimwendea Baba na mzigo wake mgongoni, akasimama mbele yake, akiwa ameinama hivyo hivyo.

"Baba Mwende," alisema, bila kupandisha sauti. "Mimi nimezaa watoto sita. Hakuna mwanaume amewahi kunisimamisha kwa njia na mzigo kwa mgongo. Hata yule alinioa."

Baba akasema ni kazi tu, amsamehe, ni dakika chache.

"Kazi ya nani?" akauliza Mama Ndanu, na hakungoja jibu.

Kuanzia siku hiyo kijiji kilitugeuzia mgongo. Hakuna aliyekuja kutuchomea nyumba au kututukana mlangoni. Kanisani benchi la Mama lilikuwa limejaa kila alipofika, hata Jumapili ambayo nusu ya watu walikuwa na malaria. Kwenye kinu cha posho mwenye mashine alimuuliza mbele ya foleni, "Wewe leo unataka tupime unga ama tupime shamba ya mtu?" na foleni ikacheka mpaka mwisho. Mtoni, kisima chetu kidogo tulichokuwa tumefukua mchangani na kukizungushia miiba kilikutwa kimefunguliwa, punda wamekunywa na kufanya mengine humo. Mtu aliondoa miiba kwa mkono wake, maana punda haondoi miiba. Mama alipewa jina, Mama Makaa, na watu walilitamka kwa upole kabisa, kama wanamsalimia.

Na mimi nilipewa mchezo. Asubuhi moja niliingia darasani, na Ndanu, yule binti wa Mama Ndanu tuliyekaa naye dawati moja, akagonga rula ya chuma kwenye dirisha. Ngo. Darasa zima likaganda. Aliyekuwa anaandika akaganda na kalamu hewani, aliyekuwa anapiga miayo akaganda na mdomo wazi. Macho yote mbele, hakuna hata moja kwangu. Jamani, nilifurahi. Nilidhani wamebuni mchezo kutokana na kazi ya baba yangu. Nikaganda nami pale mlangoni, mguu juu, na niliweza kuliko wote kwa sababu mimi nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye waya wenyewe. Wakacheza tena wakati wa mapumziko. Wakacheza nilipoenda kunywa maji. Ijumaa nilirudi nyumbani mbio nikamwambia Mama kwamba wiki nzima nimeshinda, hakuna anayeweza kuganda kama mimi.

Mama aliweka mwiko chini.

"Na mkimaliza kuganda, mnaongea?"

Nikafikiri. Nikamwambia hapana, nikikaribia wanagonga tena.

Aligeuka akaangalia moto. Aliniambia kuni ni mbichi, zina moshi mwingi. Kuni hazikuwa mbichi, niliziokota mimi mwenyewe.

Lakini jambo ambalo Mama aliliogopa kuliko benchi na kisima lilikuwa mwethya. Walio wa kwetu mnaijua, lakini wengine niwaeleze. Kabla ya mvua ya Novemba akina mama huungana, wakachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia maji ambayo udongo wake hurushwa upande wa juu, shamba kwa shamba, leo kwako, wiki ijayo kwa mwenzako. Kila mmoja ana sehemu yake ya kuchimba: mipini sita ya jembe, unaipima mwenyewe kwa kulaza mpini chini mara sita. Uliyemchimbia lazima aje akuchimbie. Hayo ndiyo makubaliano yote, hakuna mengine. Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko mkali. Mvua iliyopita ilikuwa imekata korongo katikati yake, ikaondoka na mbegu na udongo wa juu, na Mama alisema ikinyesha tena bila mtaro tutabaki na mawe ya Baba tu. Mwaka huo zamu ya kwanza ilikuwa ya Mama Ndanu, na ya pili ilikuwa yetu.

Zamu ya kwanza ilikuwa bado haijafika siku Mama Ndanu aliponiita kwenye lango lake nikitoka shule. Alinipa kipande cha muwa. Alinikalisha kwenye kigoda, akamfukuza Ndanu aende kuchota maji. Akaniuliza, kwa sauti nzuri sana, hiyo mashine yenu husikia vipi.

Majuma mawili hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza chochote. Sasa hivi, nikifikiria, naona nilikuwa Baba mtupu: aliulizwa juu ya mawe, akatoa mawe yote; mimi niliulizwa juu ya masikio, nikatoa masikio yote. Nilimweleza waya, nikamweleza mapigo matano, nikamweleza mwamba unaojibu haraka. Alitafuna muwa wake akiitikia. Nikamwambia hata Mama amekatazwa kutwanga muthokoi waya ukiwa karibu, kwa sababu mchi ukigonga kinu, kinu kinagonga ardhi, na mashine inausikia mchi kuliko nyundo.

Mama Ndanu akaacha kutafuna.

"Kumbe ni kinu?"

"Kinu tu," nikasema, na nikaomba muwa mwingine.

Kesho yake asubuhi sana kijiji kiliamka na kutwanga. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa mpaka yakavua ganda, na kila nyumba kwetu ina kinu, kwa hiyo sauti ile si ngeni. Lakini hautwangwi hivyo. Ilitoka nyumba ya juu, ikajibiwa na nyumba ya bonde, ikaruka mto, du-du, du-du, michi miwili kwa kinu kimoja, wengine wakipokezana mikono bila kupumzika. Wapimaji wakaweka waya. Baba akapiga nyundo. Injinia akaangalia kompyuta, akavua kofia. Akamtuma Baba akawanyamazishe.

Nilimfuata kwa nyuma, ilikuwa Jumamosi. Alienda nyumba ya kwanza wakamwambia wanapika. Ya pili wakamwambia sheria ya kutopika imetoka lini. Kwa Mama Ndanu walikuwa wanawake wanne kuzunguka kinu kimoja, wametoa shuka mabegani, wanacheka. Baba akaamkia, akaomba saa moja tu ya kimya. Akachungulia ndani ya kinu.

"Hii kinu iko tupu, mwaitu," alisema.

"Basi umeona vile tuko na njaa," akajibu Mama Ndanu, na mchi ukashuka.

Baba alisimama pale, mikono imening'inia, mtu aliyeweza kupasua jiwe kwa pigo moja. Akina mama walitwanga kana kwamba pale aliposimama hakuna kitu. Mmoja alipepeta hewa kwenye ungo, akamwomba asogee asije akaingiwa na makapi. Hapo ndipo walicheka mpaka michi ikapishana vibaya.

Waliendelea siku hiyo na Jumatatu yote. Jumanne Injinia aliwakusanya vibarua wake, wengine wote walikuwa wametoka mbali, akauliza ni nani aliyewaambia watu kuhusu vinu. Baba hakujua. Injinia akasema ni mmoja tu hapa mwenye nyumba katika kijiji hiki. Hakumfokea. Alinyoosha mkono akaichukua nyundo kutoka mkononi mwake, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Wakakunja waya wao wakahamia nyuma ya kilima, na baadaye wakaondoka kabisa. Kama walipata makaa ya mawe hatujui. Utepe ulibaki kwenye miti mpaka jua likaufanya mweupe.

Baba aliingia nyumbani saa sita mchana. Mimi niliona hiyo ni habari njema. Kwa hesabu yangu, kijiji kilikuwa kimeshinda, na silaha niliwapa mimi, kwa hiyo sasa watatupenda. Nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimesimama wima kama ninayekariri mstari wa Biblia.



"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, Baba. Sasa watarudi."

Alicheka kidogo, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Hakunipiga. Alienda kukaa nyuma ya ghala, na kwa siku nyingi baada ya hapo hakuniita kwa jina. Alipotaka kitu alimwambia Mama, na Mama aliniambia mimi, tukiwa watatu chumba kimoja.

Na kijiji hakikurudi. Zamu ya Mama Ndanu, Mama aliambiwa ni Alhamisi. Alienda Alhamisi na jembe begani, akakuta mtaro umechimbwa Jumatano. Umechimbwa wote isipokuwa mahali pamoja. Katikati ya mtaro, kati ya sehemu ya mama huyu na sehemu ya mama yule, waliacha mipini sita ya ardhi haijaguswa. Ilikuwa sehemu ya Mama. Kila mtu mwenye akili ya shamba anajua maji yatapita hapo yaubomoe mtaro wote, na Mama Ndanu alikuwa na akili ya shamba kuliko sisi sote. Alikubali shamba lake liharibike ili pengo lile lionekane kutoka barabarani.

Siku ya zamu yetu Mama aliamka akapika. Desturi ni kwamba mwenye shamba huwalisha wachimbaji, na alipika sufuria ile kubwa ya kuazima kwa kanisa, ambayo sijui aliazimwa na nani aliyekuwa bado ana huruma. Alitia muthokoi wote tuliokuwa nao na maharagwe yote. Saa mbili tuliwasikia wanakuja wakiimba, majembe yakigongana. Mama alisimama langoni, leso imefungwa vizuri. Wimbo ulikaribia. Ulipofika kwetu haukukatika hata neno moja. Walipita. Mmoja mmoja, ishirini na kitu, macho mbele, kama wale watoto darasani. Ndipo nikaelewa mchezo wa Ndanu ulikuwa nini. Nilielewa wiki zote kwa mara moja, pale kwenye lango, na joto likanipanda masikioni.

Waliingia kwa jirani wa tatu. Mama alirudi jikoni akatia chumvi ndani ya sufuria ambayo tayari ilikuwa na chumvi. Tulikula chakula hicho siku nne.

Jumamosi Baba alikuwa ameenda Zombe kutafuta mtu anayehitaji kokoto. Mama alikuwa mtoni, mbali, kwa sababu hatukuwa na kisima cha karibu tena. Nilichukua jembe langu dogo, lenye mpini Baba alioukata kwa kimo changu, nikaenda shambani kwa Mama Ndanu. Nilipita langoni bila kubisha. Nikalaza mpini chini ndani ya pengo, mara sita, nikaweka alama kwa kisigino. Kisha nikachimba. Udongo wa kule juu ni mwekundu na laini, lakini chini yake kuna changarawe, na jembe likifika hapo linaruka. Nilirusha udongo upande wa juu kama walivyofanya wenzangu. Ndanu alikuja akasimama na kidole mdomoni. Aliitwa, akaenda. Mama Ndanu alitoka mara moja, akamwaga maji ya vyombo, akaniona, akarudi ndani. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenipa maji. Jua lilikuwa limevuka utosi nilipofika alama ya sita. Kwa sababu mpini wangu ni mfupi, pengo halikujaa. Ilibaki ardhi kidogo upande mmoja, kama urefu wa mtu aliyelala.

Jumatatu, kabla ya shule, Mama Ndanu aliingia shambani kwetu. Peke yake. Mama alimwona kutoka mlango wa jikoni, hakutoka. Mimi nilikimbia mpaka karibu naye, maana niliona wazi kwamba yeye amekuja wa kwanza na wengine wako njiani.

"Jembe yako ni gani?" aliniuliza.

Nikamletea. Alilaza mpini wangu ule mfupi chini mara sita, akaweka alama kwa kisigino. Kisha akachukua jembe lake akachimba, mtaro mzuri, ulionyooka, wenye kingo kali, kuliko wangu mara mia. Mimi nilisimama nikiangalia njia. Nilihesabu miti kati yetu na kona, nikasema wakitokea pale nitaenda kumwambia Mama aweke maji motoni. Hawakutokea. Mama Ndanu alifika alama ya sita, akakung'uta udongo kwenye jembe lake.

"Sita ulichimba, sita nimechimba," alisema. "Hatudaiani, Mwende."

Nilimwambia asante, mwaitu. Aliondoka kwa mwendo wake wa siku zote, na lango akalifunga, jambo ambalo mtu asiye na adabu hangefanya.

Niliendelea kuangalia njia mpaka kengele ya shule ikalia kule ng'ambo. Mama alikuwa ameingia ndani. Mtaro wetu ulikuwa pale, mfupi, mzuri, umeanza katikati ya mteremko na kuishia katikati ya mteremko. Nikachukua jembe langu, nikalaza mpini pale yeye alipoachia, nikaweka alama kwa kisigino, nikaanza wa saba.